Nyaraka za kielektroniki kwenye kesi za kazi: mashine inafuta kabla CMA haijaita

Mtu akiachishwa kazi leo ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hapa Tanzania, ambayo wengi tunaiita CMA tu. Ndivyo inavyosema Kanuni ya 10 ya Tangazo la Serikali Na. 64 la 2007. Madai mengine, kama malimbikizo ya mshahara, yamepewa siku 60. Mgogoro ukishafunguliwa, usuluhishi nao una siku zake 30. Kwa hiyo mpaka mwamuzi akae, pande zote zihudhurie, na mtu asimame kuomba amri ya mwajiri kuleta barua pepe fulani, miezi miwili imeshakatika. Mara nyingi ni zaidi.

Sasa tazama upande wa mashine. Kampuni inayotumia barua pepe za Google, admin (msimamizi wa mfumo) akifuta akaunti ya aliyeondoka, ana siku 20 za kuirudisha. Kwa Microsoft 365, sanduku la mtumiaji aliyefutwa hukaa siku 30, kisha linakwenda, isipokuwa kama kampuni iliweka mpangilio wa kuhifadhi mapema. Kamera za ulinzi ndizo mbaya kuliko zote. Chukua duka lenye kamera 4, kila moja ikirekodi kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde. Jumla ni megabiti 8, yaani megabaiti 1 kila sekunde. Siku ina sekunde 86,400, hivyo kila siku diski inakula gigabaiti 86 na ushee. Diski ya terabaiti 1 inajaa kwa siku 11 na nusu, halafu DVR, kile kisanduku kinachorekodi kamera, inaanza kuandika juu ya picha za zamani bila kumuuliza mtu.

Hakuna aliyefanya hila hapo. Mtu wa aiti alifuta akaunti kwa sababu leseni inalipiwa kila mwezi na mwenye akaunti ameshaondoka. DVR ilifanya kazi yake. Lakini mwezi wa tatu tangu mtu aachishwe, mwamuzi anapouliza ziko wapi picha za tarehe 12, jibu ni kwamba hazipo, na pengine ni jibu la kweli.

Ndiyo maana hatua ya kwanza si kuomba amri. Ni barua ya kutaka vitu vihifadhiwe, na inaandikwa wiki ileile mtu aliyopewa barua ya kuachishwa, hata kama fomu ya CMA haijajazwa. Mfanyakazi anaweza kuiandika mwenyewe, au chama cha wafanyakazi, au wakili. Ukurasa mmoja unatosha. Itaje akaunti ya barua pepe na uombe isifutwe, itaje kamera na tarehe, itaje mashine ya alama za vidole. Ipelekwe kwa mkono, nakala igongwe muhuri au isainiwe na aliyepokea, na nyingine itumwe kwa barua pepe kwa HR (idara ya rasilimali watu) na kwa mkurugenzi. Barua hii si amri na haimlazimishi mtu. Kazi yake ni kumwondolea mwajiri utetezi wa "hatukujua kama vitahitajika". Kufuta kabla ya barua ni bahati mbaya. Kufuta baada ya barua kunahitaji maelezo.

Tahadhari moja kwa mfanyakazi: usijitumie mafaili ya kampuni kwenye Gmail yako usiku wa mwisho kabla ya kurudisha kompyuta mpakato. Nia inaweza kuwa nzuri, lakini orodha ya wateja ikionekana imetoka saa tano usiku kwenda kwa anwani yako binafsi, umempa mwajiri kosa ambalo hakuwa nalo. Barua zinazokuhusu wewe mwenyewe, kama slipu za mshahara, onyo ulilopewa au mkataba wako, ni jambo tofauti. Hizo weka nakala tangu siku ulipozipokea.

Kabla ya kuomba chochote, jiulize nani ana mzigo wa kuthibitisha. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri athibitishe kwamba kuachisha kulikuwa kwa haki. Kifungu cha 15(6) kinaongeza kwamba mwajiri akishindwa kuleta mkataba wa maandishi au maelezo ya ajira, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa ni wake. Na kumbukumbu hizo anatakiwa azitunze miaka 5 baada ya ajira kwisha. (Namba ni za sheria ilivyotungwa. Toleo la Marekebisho la 2023 limeanza kutumika Julai 2025, kwa hiyo linganisha kabla ya kuandika hoja zako.)

Maana yake ni nini kwa anayeomba nyaraka? Watu wengi hupoteza nguvu kuomba vitu ambavyo mwajiri asipovileta anaanguka mwenyewe: mwenendo wa kikao cha nidhamu, hati ya mashtaka, barua ya wito wa kikao. Acha. Hiyo ni shida yake. Omba kile kinachomuumiza, ambacho kwa hiari yake hatakileta: barua pepe kati ya meneja na HR kabla ya kikao, kumbukumbu ghafi za mahudhurio, ujumbe wa msimamizi kwenye kikundi cha WhatsApp. Maombi ya namna hiyo huwa mafupi, na mwamuzi huyapenda.

Mamlaka ya kuita nyaraka yamo kwenye kifungu cha 20 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004. Msuluhishi au mwamuzi anaweza kumwita mtu yeyote anayeaminika kuwa na kitabu, hati au kitu kinachohusika, aje kuhojiwa au akilete. Usitegemee sana hatua ya usuluhishi, kwani mazungumzo yale ni ya siri na msuluhishi yuko pale kupatanisha, hapimi ushahidi. Ombi lako liweke kwa mwamuzi mwanzoni kabisa, siku ya kuainisha mambo yanayobishaniwa, kabla shahidi wa kwanza hajala kiapo. Ukiomba baada ya shahidi wa mwajiri kumaliza na kuondoka, utaambiwa unachelewesha shauri, na mara nyingi atakayesema hivyo atakuwa na haki. Kwa shauri lililofika Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, kanuni zake za 2007 zikiwa kimya juu ya jambo fulani, Kanuni ya 55 inafungua mlango wa kuazima utaratibu mwingine, na hapo ndipo mawakili huingiza Amri ya XI ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, inayohusu kufichua na kukagua nyaraka.

Tatizo kubwa ni maneno ya ombi. Hili ni ombi linalokataliwa:

"Mlalamikiwa alete barua pepe zote, meseji zote na rekodi zote zinazomhusu mlalamikaji."

Mwamuzi akilitazama anaona maelfu ya kurasa na kesi isiyokwisha. Mwajiri naye anasimama kusema ni kutafuta sindano kwenye marobota ya pamba, na hoja yake ina uzito. Linganisha na hili:

"Mlalamikiwa alete, katika mfumo wake wa asili: (a) barua pepe zilizotumwa au kupokelewa kati ya Meneja wa Tawi na Afisa Rasilimali Watu kuanzia tarehe 1 Februari hadi 30 Aprili 2024, zenye jina la mlalamikaji au namba yake ya ajira 0047, (b) kumbukumbu ghafi za mashine ya alama za vidole ya lango kuu, mwezi Machi 2024, namba 0047, pamoja na namba ya mashine yenyewe, (c) faili la Word la barua ya onyo ya tarehe 4 Machi 2024. Ziletwe siku 7 kabla ya tarehe ya kusikilizwa."

Ombi la pili linataja watu wawili, miezi mitatu, neno la kutafutia, kifaa kimoja, faili moja na siku ya mwisho. Mtu wa aiti analimaliza kabla ya chakula cha mchana. Ongeza sentensi moja chini ya kila kipengele kueleza kinagusa hoja gani: kipengele (b), kwa mfano, kinahusu tuhuma ya utoro. Kipengele kisichokuwa na hoja yake kifute mwenyewe kabla hujafutiwa.

Maneno "katika mfumo wake wa asili" yana kazi, na ndiyo ambayo wengi huyaacha. Mwajiri akileta karatasi, amekuletea kivuli. Jedwali la Excel la mahudhurio lililochapishwa linaweza kuonyesha tarehe 12 Machi "HAYUPO". Kumbukumbu ghafi ya mashine, lile faili la maandishi lenye mistari mirefu isiyo na mapambo, inaweza kuwa na mstari huu:

0047 2024-03-12 07:52:10

Mtu aliweka kidole saa mbili kasoro dakika nane asubuhi. Jedwali liliandikwa na mtu; mstari uliandikwa na mashine. Jedwali hilo linaweza kuwa sahihi pia, kwa sababu mtu aliweka kidole akaondoka, lakini sasa mwajiri analazimika kulieleza.

Faili la Word nalo lina mengi. Barua ya onyo ina tarehe 4 Machi juu ya karatasi, ila sifa za faili zinasema limetengenezwa 19 Juni, siku mbili kabla ya kikao cha nidhamu. Hapo kuna swali la kuuliza. Ila usirukie. Tarehe ya kutengenezwa inayoonekana kwenye folda hubadilika faili likinakiliwa kwenye flashi au kompyuta nyingine, na ikawa ya siku ya kunakili. Tarehe iliyomo ndani ya faili lenyewe, unayoiona ukilifungua na kutazama taarifa zake, ni tofauti na ile ya folda. Linganisha zote mbili, na uliza nani alinakili na lini. Nayo PDF hukuonyesha siku PDF ilipotengenezwa, haisemi barua iliandikwa lini.

Kwenye barua pepe, omba ije na vichwa vyake kamili, ile mistari ya juu ambayo kwa kawaida imefichwa. Humo kuna saa ya kila seva iliyopitisha ujumbe, na hapa watu huteleza vibaya. Seva nyingi huandika saa za UTC, saa rejea ya dunia nzima, zikiishia na +0000. Tanzania iko saa 3 mbele. Ujumbe ulioandikwa 22:40 +0000 tarehe 11 uliingia Dar es Salaam 01:40 tarehe 12, yaani saa saba na dakika arobaini usiku. Kesi ya nani alijua nini kabla ya kikao inaweza kugeuka kwa saa hizo 3. Na shahidi atasema "nilituma saa moja jioni" akimaanisha 19:00, wakati wakili aliyeandika kwa haraka ataweka 1:00. Ukimhoji, mtake aseme asubuhi, mchana, jioni au usiku, na mwamuzi aandike hivyo.

WhatsApp inahitaji maelezo yake, maana siku hizi migogoro mingi ya kazi imo humo: zamu inapangwa kwenye kikundi, onyo linatolewa kwenye kikundi, na wapo wanaoambiwa "usije kesho" kwa ujumbe wa sauti wa sekunde tisa. Ukimwomba mwajiri ujumbe wa msimamizi, atajibu kwamba simu ni mali ya msimamizi, si ya kampuni, na anaweza kuwa sahihi. Basi usimwombe mwajiri. Omba hati ya wito kwa jina la msimamizi mwenyewe, aje na simu yake, kwa sababu kifungu cha 20 kinamgusa mtu yeyote mwenye kitu hicho mkononi.

Picha za skrini zisiwe ushahidi wako mkuu. Zinakata mwanzo wa mazungumzo, hazionyeshi namba kama jina limehifadhiwa, na kutengeneza ya uongo ni kazi ya dakika mbili. Toa mazungumzo yote kama faili. WhatsApp ina sehemu hiyo ndani ya gumzo, na hukupa faili la maandishi pamoja na picha na sauti ukitaka. Angalia mpangilio wa tarehe, kwa sababu unafuata mpangilio wa simu: 4/3 kwenye simu moja ni tarehe 4 Machi, kwenye nyingine ni 3 Aprili. Simu yenyewe itunzwe na iletwe siku ya kusikilizwa, ili mwamuzi aone ujumbe ukiwa mahali pake. Ukiondolewa kwenye kikundi, mazungumzo ya zamani yanabaki kwenye simu yako mpaka uyafute mwenyewe, kwa hiyo usiyafute kwa hasira. Na kama msimamizi aliwasha ujumbe wa kutoweka, muda ni saa 24, siku 7 au siku 90. Hizo siku 7 hazikungojei.

Kupata hati ni nusu ya kazi. Ili ipokewe na kupewa uzito, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, Na. 13 ya 2015, kinatazama kama njia iliyotumika kuitengeneza, kuihifadhi na kuiwasilisha inaaminika, kama haikuchezewa, na jinsi mtumaji alivyotambuliwa. CMA haishughuliki sana na urasimu wa kisheria; kifungu cha 88 cha Sheria ya Ajira kinamruhusu mwamuzi aende kwenye kiini cha mgogoro. Lakini kesi inaweza kupanda Mahakama Kuu kwa marejeo, na huko pengo litaonekana. Kwa hiyo ambatisha hati ya kiapo. Iapwe na mtu aliyetoa faili kwenye mfumo kwa mikono yake, si na meneja wa HR aliyeambiwa. Aseme kifaa gani, akaunti gani, siku na saa gani alitoa, kwa njia gani, na faili limekaa wapi tangu hapo.

Ongeza alama ya faili. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile barua.zip SHA256, utapata mstari wa herufi na tarakimu 64. Uandike kwenye kiapo. Herufi moja ikibadilishwa ndani ya faili, mstari mzima unabadilika. Ni dakika moja ya kazi, haina gharama, na sijui kwa nini haifanywi kila mahali.

Sasa pingamizi. La kwanza ni siri za watu wengine, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ianze kutumika Mei 2023 linatajwa kila mara. Lina haki yake, ila tiba yake ni kufunika majina na mishahara ya wasiohusika na kuleta kilichobaki. Sheria hiyohiyo inampa mfanyakazi haki ya kuomba taarifa zake mwenyewe, hata nje ya kesi, na wengi hawaitumii. La pili ni mawasiliano na wakili. Hayo yanalindwa kweli. Ila barua ya meneja kwenda HR haigeuki kuwa ya wakili kwa sababu wakili amewekwa kwenye nakala.

La tatu ni gharama. Kwa hili mawakili wa nchi nyingi hurejea kesi moja ya kazi ya New York, Zubulake dhidi ya UBS Warburg. Laura Zubulake alidai kubaguliwa kwa jinsia na kulipiziwa kisasi. Mwajiri alileta kama kurasa 100 za barua pepe. Yeye mwenyewe alikuwa nazo kama 450. Zilizobaki zilikuwa kwenye kanda za akiba ambazo kuzifungua ni ghali. Mei 2003 Jaji Shira Scheindlin hakuamuru kanda zote zifunguliwe. Aliamuru 5 tu, azichague mlalamikaji, kwa gharama ya mwajiri. Ikatoka bili ya dola 19,003.43 na barua pepe zinazohusika kama 600. Sasa hesabu ilikuwa mezani: kurejesha na kupekua kanda 72 zilizobaki kungegharimu dola 165,954.67. Julai 2003 mlalamikaji akapewa kubeba robo, mwajiri robo tatu pamoja na ada zote za mawakili wake kuzipitia. Baadaye ikabainika baadhi ya kanda zimepotea na wafanyakazi walifuta barua walizoagizwa kuzitunza. Julai 2004 jaji akaruhusu baraza la raia wanaoamua kesi (jury) lichukulie kwamba zilizofutwa zingemuumiza mwajiri, na Aprili 2005 likatoa tuzo ya dola milioni 29.3.

Uamuzi huo haumfungi mwamuzi wa CMA Temeke wala Arusha. Cha kuazima ni ile njia ya sampuli. Mwajiri akilia gharama, usibishane. Mwambie mwamuzi: basi zitolewe wiki 2 tu, kati ya tarehe hii na hii, kisha tuone kilichotoka ndipo tuamue zilizobaki. Ni ombi gumu kulikataa.

Na asipoleta kabisa? Kwanza, kama ulishampa ilani ya kuleta hati ya asili, Sheria ya Ushahidi inakuruhusu utumie nakala uliyonayo. Pili, unamwomba mwamuzi achukulie kwamba kilichofichwa kingempinga aliyekificha. Mahakama zetu zimekubali fikra hiyo kwa shahidi muhimu asiyeitwa tangu Hemedi Saidi dhidi ya Mohamedi Mbilu ya 1984, na kuipeleka kwenye hati ni hatua fupi. Ila haiji yenyewe. Lazima mwenendo wa shauri uonyeshe kwamba uliomba, uliomba nini hasa, mwajiri alijibu nini, na mwamuzi aliamua nini. Ombi la mdomo lililojibiwa kwa kutikisa kichwa halipo kwenye kumbukumbu. Liandike, liwasilishe, ligongwe muhuri, na kama mwamuzi amelikataa mwombe kwa heshima aandike sababu. Una wiki 6 tangu kupokea tuzo, yaani uamuzi wa CMA, za kwenda Mahakama Kuu kwa marejeo, na jaji wa huko atasoma faili la karatasi, hakuwepo chumbani siku ile.